Mfuko wa Povu na Mtoto Asiye na Jina

Hapo zamani, lakini si zamani mnayoidhani, maana sabuni ya unga ilikwishafika madukani, Mwanaheri mke wa Mdoe alijifungua mtoto wa kike. Mtoto mzuri kweli. Ila kila akivalishwa nepi iliyofuliwa kwa sabuni hiyo, ngozi ilimwiva ikawa nyekundu, na kilio chake kilisikika mpaka kisimani.

Muuguzi wa zahanati akasema, "Sabuni hiyo inamchoma. Tafuteni kitu kingine cha kufulia."

Mdoe akaapa. "Jina simpi mpaka apone. Atakayemponya ndiye atakuwa somo yake, na jina lake ndilo nitakalomnong'oneza mwanangu sikioni."

Kwao, somo si jambo dogo. Somo huulizwa kwanza siku ya posa, na akifa, jina lake linaendelea kuitwa uani.

Bi Zuhura, mama yake Mdoe, akakumbuka jinsi bibi zake walivyofua. Akapanda mlima na magoti yake yale yanayouma, kutwa nzima, akarudi na kikapu cha matunda makavu ya mti wa povu. Akayaponda, akayatia majini pamoja na nepi. Povu likatoka, madoa yakatoka. Lakini vipande vya maganda viling'ang'ania kwenye nepi, mtoto akakwaruzika, akalia zaidi. Na kwa wiki moja kikapu kikafika nusu.

Tunu, jirani yao mshonaji, akaja akatazama, akacheka mpaka akakaa chini. Akarudi kwake, akatoa kanga laini aliyoachiwa na marehemu mama yake, akaikata. Akashona mfuko wenye kamba. Matunda matano mfukoni, mfuko ndani ya ndoo: povu lile lile, na chembe hata moja haikupenya. Akauanika mfuko juani. Kesho yake ukatoa povu tena, na kesho kutwa tena. Matunda ya kufulia mara moja sasa yakafulia mara tano.

Mtoto akapona? Hata! Ngozi ilitulia siku mbili, ikaiva tena.

Salha, wifi yake Mwanaheri, alikuwa amekuja kumtazama mzazi kwa siku tatu tu. Siku ya tatu akainusa nepi kwenye kamba. Inanukia maua! Na matunda yale hayana harufu ya maua.

"Wifi, umetia nini humu?"

Mwanaheri akainamisha kichwa. "Kijiko kimoja tu cha sabuni ya unga, wifi yangu. Wageni wanakuja kumpakata mtoto. Wakikuta nepi hainukii, watasema mke wa Mdoe ni mchafu."

Salha akalichukua kopo la unga, akalimwaga lote chooni. Kisha akabaki wiki tatu, anafua mwenyewe, anasuuza mara tatu, na huko nyumbani kwake mumewe amenuna. Mgeni aliyenusa nepi akakunja uso, Salha alimwambia, "Nimefua mimi, shoga. Una neno?"

Ngozi ikawa laini. Mtoto akalala, akanenepa, akacheka, na nyumba nzima ikacheka naye. Mbuzi akachinjwa, majirani wakajaa uani.

Bi Zuhura akasema, "Bila miguu yangu, mfuko mngetia nini? Nina wajukuu sita, hakuna aliyechukua jina langu. Nami sina miaka mingi."

Tunu akasema, "Mama, matunda yako yalimkwaruza. Mimi nimekata ukumbusho pekee wa mama yangu. Sina mtoto. Nikifa, jina la Tunu limekwisha."

Salha akasema, "Matunda mlikuwa nayo. Mfuko mlikuwa nao. Na mtoto alikuwa analia! Nani alimnyamazisha?"

Mdoe akampakata mwanawe, akasogeza mdomo sikioni, akakwama. Akamgeukia mkewe. "Nisaidie, mama watoto."

"Usiniulize mimi," Mwanaheri akajibu, machozi yakimlengalenga. "Mimi ndiye niliyekuwa namchoma."

Basi Mdoe amesimama, mtoto mkononi. Somo ni mmoja, hagawanywi. Nanyi mliokuwa mkicheka tangu mwanzo, sasa mbona mmenyamaza? Mtoto anasubiri.

Je, ni nani aliyestahili jina lake liingie kwenye sikio lile dogo?