Bi Harusi wa Saluni ya Mama Anjela

Mhurumia kilele hulilia shina. Jana mmemsikia mama yenu akimwambia baba yenu maneno hayo, habari ya kaka yenu Jofrey ambaye hafui, hapigi deki, wala hagombezwi kwa kuwa ana akili darasani. Leo mmenijia asubuhi chai yangu haijapoa, mnataka kujua yametoka wapi. Mmoja wenu anasema itakuwa methali ya wakulima. Si ya wakulima, mwanangu. Ilizaliwa saluni, hapa hapa Dodoma, ndani ya tangi la samaki, na mimi shangazi yenu nilikuwapo. Basi kaeni, msinikatize, nitawaeleza ilivyokuwa.

Wakati ule nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, nafanya kazi kwa Mama Anjela. Jina lake hasa Edina, na ndiye aliyenifundisha kusuka na kukata nywele. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: viti viwili, kioo kikubwa, drai moja ya kukaushia nywele iliyounguruma kuliko mashine ya kusaga, na harufu ya kalikiti, ile dawa ya nywele, ambayo hata leo nikiipata mahali, nasimama kidogo. Nilikuwa na furaha katika chumba kile, na wakati ule sikujua kwamba ndiyo furaha yenyewe. Karibu na dirisha, mahali ambapo saluni nyingine zingebandika picha za mitindo, palikuwa na tangi la kioo la mume wake.

Baba Anjela alikuwa mchoraji ramani serikalini, mtu mpole mwenye vidole virefu. Samaki walikuwamo tangini, wadogo wadogo, lakini hakuwa na habari nao. Mapenzi yake yalikuwa mimea ya majini. Mingi ilikuwa ya kijani, ameitoa kwenye mabwawa ya huku huku, haina makuu. Mmoja ulikuwa mwekundu, wenye mashina marefu membamba. Aliletewa na mwenzake aliyekwenda masomoni ng'ambo, mashina sita yamefungwa kwenye gazeti lililolowa, na mji mzima hapakuwa na mwingine. Mimi nikauita Bi Harusi, na jina likashika.

Niliuita hivyo kwa sababu ya madai yake. Maji yetu ya bomba yalikuwa na chumvi, haukuyataka. Ulitaka ya mvua, na Baba Anjela aliyakinga kwenye mapipa mawili ambayo hatukuruhusiwa kuyachota hata kwa kufulia leso. Ulitaka taa nne ndefu juu yake. Ulitaka udongo wa kichuguu chini ya mchanga. Tena ulitaka hewa yake peke yake: chupa ya plastiki yenye maji, sukari na hamira, na mpira wa dripu umetokea kwenye kifuniko ukaingia majini, unatoa vipovu mchana kutwa. Na sukari mwaka ule ilikuwa ya kupangia foleni. Mama Anjela alikuwa akisema, "Sisi tunakunywa chai chungu, Bi Harusi anakunywa soda." Alilalamika hivyo, na bado ndiye aliyeikoroga hiyo soda.

Lakini ukiridhika, jamani, ulikuwa unapendeza. Vilele vyake vilikuwa vyekundu kabisa, na kila jani lilishika kipovu kidogo kinachong'aa. Wateja waligeuza shingo kuutazama nikiwa katikati ya kusuka, ikawa kazi yangu kuwarudisha vichwa.

Kisha macho ya Baba Anjela yakaanza kumsumbua. Alikuwa akikosa mistari kwenye ramani zake, akidhani amechoka tu. Daktari akasema ni presha ya macho, akatakiwa kwenda Dar es Salaam kwa matibabu ya miezi. Siku ya safari alisimama mbele ya tangi na begi mkononi.

"Mama Anjela," alisema, "Bi Harusi nakuachia. Nikirudi nataka niukute."

"Utaukuta," mke wake alimjibu. "Utaukuta kama ulivyo, na zaidi."

Hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Tangu siku hiyo alifanya kila kitu, maji, sukari, taa, bila kukosa hata siku moja. Baada ya mwezi ikaja barua, mumewe amemwambia mtu amwandikie. Ndani yake palikuwa na sentensi moja ya Bi Harusi: ukifika juu ya maji, upunguze.

Sasa hilo neno ndilo lililotuponza. Ninyi hamjafanya kazi saluni. Mteja akikaa kwenye kiti akasema "nipunguzie", anataka ncha tu, upana wa ukucha, basi. Ukimkata zaidi ya hapo mtatukanana mbele ya watu. Kwa hiyo Mama Anjela alipousoma ule mstari alichukua mkasi wake mdogo, akaupitisha juu ya Bi Harusi akikata ncha, ukucha mmoja mmoja, kwa upole kama anamtengeneza mteja wa heshima.

Mimi nilikuwa nimemwona Baba Anjela akikata. Nikamwambia, "Dada, yeye alikuwa anakata nusu kwa nusu. Anavitoa vile vilele, anavipanda pembeni, na chini kunachipua upya."

"Nusu?" Aliniangalia kwenye kioo. "Wekundu wote uko juu, Mwasiti. Nikikata juu atakuja kuona nini, vijiti? Amesema upunguze. Na kupunguza nakujua mimi kuliko yeye."

Alisahau kwamba nywele huota kutoka chini, na mmea huota kutoka juu. Ncha ya nywele ukiikata, imekwisha. Ncha ya mmea ukiikata inatoa mbili, na zile mbili ukizikata zinatoa nne. Kila Jumamosi tulikata, na kila Jumamosi Bi Harusi ulizidi kujaa juu, mpaka ukawa mwavuli mwekundu umeenea tangi zima. Wateja wakasifu. Wengine walikuja kusukwa na nywele zao hazijachoka, ili wauone tu.

Chini ya ule mwavuli palikuwa giza. Nilikuwa nabadilisha maji siku moja, nikaona majani ya chini yamekuwa kahawia, mengine yamelala mchangani. Nikamwita. Mama Anjela akainama, akatazama kwa muda, kisha akatoka nje akarudi na mawe mazuri mazuri. Akayapanga ndani ya tangi, kwenye kioo cha mbele, mpaka mashina yasionekane.

"Dada," nilisema, "mawe hayatibu."

Aliweka kitana chini. "Mwasiti, mtu anapoteza macho yake. Mwache akute kitu cha kutazama."

Nikanyamaza. Mpaka leo ule unyamavu unaniuma, kwa maana nilijua, na mkasi nilikuwa nao. Lakini ningesemaje mbele ya mapenzi ya namna ile? Akamwandikia mumewe kwamba wekundu umejaa tangi lote, kwamba aharakishe kupona aje ajionee.

Mwezi wa tano tangu aondoke, akarudi. Binti yao Anjela, aliyekuwa ameolewa huko huko Dar es Salaam, alimleta amemshika mkono. Sisi tuliona mkono umeshikwa, tukadhani ni uchovu wa safari. Mama Anjela hakumpa hata nafasi ya kukaa. Aliwasha taa zote nne, akamvuta mpaka dirishani.

"Baba Anjela, tazama."

Akageuza uso wake. Tangi lilikuwa kulia kwake. Yeye aligeukia kushoto, kwenye ukuta mtupu, akatabasamu.

Hapo ndipo tulipoelewa. Hakuwa ametuandikia kwamba macho yamekwisha, kama vile sisi hatukumwandikia habari ya mawe. Mama Anjela alishika ukingo wa tangi kwa mikono miwili. Mimi nilizima drai, nayo ilikuwa na kichwa cha mteja ndani.

"Nipelekee mkono," Baba Anjela alisema.

Alikunja mkono wa shati. Mke wake akamshika kiganja, akakiingiza majini, akakilaza juu ya ule mwavuli mwekundu ambao alikuwa ameuhurumia miezi mitano. Kile kiganja hakikukaa juu. Kilipita katikati ya majani kikashuka chini, kikipapasa, mpaka kikakuta mashina. Kikasimama. Vidole vikabana kidogo, na shina likakatika, laini kama ugali uliolala majini. Kishada kizima kikapanda juu kikaelea. Akashika la pili, likakatika. La tatu.

"Yameoza, Mama Anjela."

"Nilikuwekea kilele," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nilikuwekea uje ukione."

"Sikioni," alijibu mumewe. Hakusema kwa hasira. Mkono wake ulikuwa bado majini. "Shina ningelishika."

Yule mteja alijitoa mwenyewe chini ya drai, nywele mbichi, akaja kusimama nyuma yetu. 

Baadaye Baba Anjela aliomba kiti, akaketi kando ya tangi. Akamwelekeza mkewe kwa maneno, hatua kwa hatua: chukua kinachoelea, papasa mpaka shina liwe gumu, kata hapo, toa majani ya chini, panda moja moja na uache nafasi mwanga ufike. Mama Anjela alikata akilia, machozi yanadondokea majini humo humo. Tulipanda vilele ishirini na zaidi. Vingi havikuwa na nguvu tena. Vikayeyuka kimoja baada ya kingine, mpaka vikabaki viwili, vyembamba kama uzi.

Wiki hiyo akaja mteja wetu wa siku nyingi, mke wa fundi saa. Kabla hajakaa akauliza, "Jamani, ule mwavuli wenu mwekundu umekwenda wapi?"

Mama Anjela alikuwa anachana kichwa cha mtu. Hakugeuka. Alisema tu, taratibu, kama anayejisemea, "Mhurumia kilele hulilia shina."

Na neno likisemwa saluni, mnajua wenyewe. Mke wa fundi saa alilipeleka nyumbani akamwambia mumewe, ambaye alikuwa akimlea mdogo wake mlevi kwa vile anaimba vizuri kwaya. Likaenda vikao vya harusi, likaenda sokoni, likafika kwa watu wasiojua kwamba Bi Harusi uliwahi kuwepo. Mama yenu alilikuta limekwisha kuwa la kila mtu.

Lakini mimi huwa nakumbuka siku nyingine, miezi minane mbele. Vile vilele viwili vilikuwa vimeshika, vikapanda, vikafika juu ya maji, vyekundu kama zamani na vipovu vyake kwenye majani. Mke na mume walikuwa mbele ya tangi, mume ameketi, mkono wake umeshika mashina chini ya maji. Mama Anjela alisimama na mkasi, akautazama ule wekundu kwa muda mrefu sana, maana alikuwa akiutazama kwa macho ya watu wawili.

"Bado unautazama?" mumewe akauliza.

"Kidogo tu."

Kisha akaingiza mkasi, akakata nusu kwa nusu. Baba Anjela akapapasa mahali palipobaki, akabana.

"Gumu," alisema.

Mama Anjela akacheka, na machozi yalikuwa yanamtoka. Mhurumia kilele hulilia shina, wanangu. Yeye siku ile alikililia kilele, na shina likabaki mkononi mwa mumewe.