Mkunga na Mamba wa Sabaki

Sogeeni, wenzangu, ngano imebisha hodi! Mkunga Mbodze aliitwa ng'ambo ya mto Sabaki kumzalisha bintiye, akakuta mafuriko yamechukua mtumbwi. Mamba jike aliyelala ukingoni akamwambia, "Mama, nimevunjika mguu, siwezi kuchimba. Wanangu wanalia chini ya mchanga."

Mbodze alirudi nyuma hatua moja, lakini mkunga gani husikia vichanga vikilia akakaa? Akafukua mara moja, mchanga mtupu. Akafukua mara ya pili, mayai. Mara ya tatu, mayai yakapasuka, vitoto arubaini vikamtambalia mapajani, naye akacheka.

"Sasa pita, mama!" akasema mamba jike. Mamba wote wa mto wakajipanga bega kwa bega hadi ng'ambo, akavuka mbio migongoni mwao. Alifika mjukuu akichungulia dunia.

"Karibu, bwana!" akamwambia, na vigelegele vikajaa nyumba.