Mize na Zimwi la Njia ya Shule

Hadithi naitua hapa, asiyetaka akalale.

Mize alitoka shuleni kampiga mwenziwe bure, kavimba kama andazi kwenye mafuta. Njiani zimwi likamdaka.

"Nameza watoto wasiojua kilichomo moyoni mwao. Una nini?"

"Sina kitu."

Likammeza miguu. "Una nini?"

"Nina hasira."

Likammeza hadi kifuani. "Hilo ganda tu. Ndani mna nini?"

Mize akalia. "Nina wivu. Mama kajifungua, nami nimehamishiwa mkekani."

Zimwi likamtema pale pale, maana ukweli haukai tumboni mwake.

Akakimbia kwa mama yake, akamwambia vilevile.

Mama akasogea kitandani. "Panda, mwanangu. Ukimkanyaga mdogo wako, unarudi mkekani."

Wakalala watatu. Nanyi fungeni macho.