Majani ya Mzee Nyati

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakichemsha chai na kuanika nguo kambani kama sisi, aliishi Bi Sungura na mwanawe mmoja tu. Mtoto huyo aliitwa Kidoto.

Kidoto alikuwa na masikio marefu, macho ya kung'aa, na mdomo uliopenda utamu. Asubuhi ndizi. Mchana kiazi kitamu. Jioni karoti, tena ile ya kuchemsha! Akipewa nyasi alikunja pua.

"Nyasi zinachoma, mama! Nyasi ni za ng'ombe!"

Mama yake alimwonea huruma, akampa ndizi nyingine.

Basi siku moja ya masika, Kidoto hakuamka kucheza. Alijikunyata pembeni, tumbo limemjaa, gumu kama ngoma. Mama yake akatazama sakafuni. Kila asubuhi alizoea kufagia vinyesi vya mwanawe, viduara vizuri kama choroko. Siku hiyo aliona viwili tu, vidogo kama mbegu za mchicha!

"Mungu wangu!" Bi Sungura akapiga kelele. Akamfunga mtoto mgongoni, akatoka mbio kwenye mvua, tupu, tupu, tupu, mpaka kwa Nesi Kanga.

Nesi Kanga, na gauni lake la madoadoa, aliweka sikio kwenye tumbo la Kidoto. Akasikiliza. Akasikiliza tena.

"Kimya! Mama, tumbo la sungura halitakiwi kunyamaza. Linatakiwa kuzungumza kutwa nzima, kurukuru, kurukuru. Huyu anakula nini?"

"Ndizi... na viazi..." Bi Sungura alijibu akitazama chini.

"Na nyasi kavu?"

"Hazitaki, nesi."

"Basi shida ndiyo hiyo! Nyasi kavu ndizo zinazosukuma chakula tumboni. Bila nyasi, chakula kinakaa palepale. Mpe maji anywe, kisha ale nyasi kavu leo hii, kabla jua halijazama. Ukingoja kesho utamkosa mtoto. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Lakini, watoto wangu, nyasi kavu utazipata wapi masika? Huko nje kila jani lilikuwa linadondosha maji. Nyasi kavu zilikuwa mahali pamoja tu, ghalani kwa Mzee Nyati. Alizikata kiangazi, akazianika, akazipanga mpaka zikagusa paa. Mnadhani alizila? Wapi! Alikuwa akijazia godoro lake.

"Hodi!" Bi Sungura aliita mlangoni kwa Nyati.

"Nani huyo?"

"Mimi jirani yako, Sungura. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema upesi, nina wageni leo."

"Mtoto wangu anaumwa, mzee. Naomba nyasi kavu, kidogo tu."

"Nyasi?" Nyati alipiga kwato chini, di! "Nyasi za godoro langu? We Sungura, unaziona pembe hizi?"

"Naziona, mzee."

"Basi ondoka kabla hazijakuona wewe!"

Mlango ukafungwa, pwaa!

Bi Sungura alibaki amesimama nje. Kidoto akaguna mgongoni. "Mama, linauma."

"Najua, mwanangu. Tulia."

Mara wageni wakapita, Mzee Tembo na Mama Kiboko. Mlango ukafunguka wazi, na sauti ya Nyati, ile iliyokuwa ikinguruma sasa hivi, ikawa laini kama uji.

"Karibuni, karibuni sana! Kaeni. Chai iko jikoni. Hapa kwangu hakuna jirani anayenyimwa kitu!"

Masikio ya Bi Sungura yakasimama, twii!

Katika kijiji kile kulikuwa na vitu vitatu ambavyo jirani hanyimwi. Chumvi, moto na majani. Ukibisha hodi useme, "Naomba majani," kila mtu anajua umeishiwa na majani ya chai. Unachotewa kidogo kwenye kikombe, unashukuru, unakwenda zako. Anayemnyima mwenzake majani huitwa mchoyo, na watoto humwimbia njia nzima.

Bi Sungura akakimbia nyumbani. Akampa Kidoto maji. Akachukua kapu lake kubwa kuliko yote, lile la kubebea mahindi. Akarudi mbio, Kidoto mgongoni.

"Hodi tena!"

"Nani te..." Nyati alianza kunguruma. Akawakumbuka wageni. Akatabasamu kwa shida. "Karibu, jirani. Kuna nini?"

"Samahani kwa usumbufu. Mzee Tembo, shikamoo. Mama Kiboko, shikamoo. Mwenzenu nimeishiwa. Naomba majani."

Wageni wakamgeukia mwenyeji. Nyati akatazama lile kapu, kisha akacheka mpaka mapua yakatoa moshi. Alijua kopo lake la chai lilikuwa limebaki na konzi moja tu.

"Ha ha ha! Mama Kiboko, mwone huyu! Anaomba majani kwa kapu la mahindi!"

"Hee, jamani," Mama Kiboko akasema. "Chai hiyo anaipikia harusi?"

"Nijaze kapu, mzee?" Bi Sungura akauliza kwa upole.

"Jaza! Jaza mpaka limwagike! Majani yote yaliyomo kwangu, chukua! Mimi si mchoyo!"

"Mzee Tembo, umesikia?"

"Nimesikia," Tembo akajibu, "na masikio yangu unayaona yalivyo."

Bi Sungura akashukuru, akaingia ndani. Je, alikwenda jikoni? Thubutu! Alikata kona, moja kwa moja mpaka ghalani. Chaka! Chaka! Chaka! Punde akatoka akiburura kapu limefurika nyasi kavu, za rangi ya dhahabu, zinanukia jua la kiangazi.

Nyati aliruka juu, kikombe kikaanguka, kacha!

"Wewe! Hizo ni nyasi zangu!"

"Si majani haya, mzee?"

"Nilisema majani ya chai!"

"Hukusema ya chai. Mimi pia sikusema ya chai. Ulisema majani yote."

"Alisema hivyo," Mama Kiboko akaitikia. "Tena alisema limwagike."

Tembo akacheka, nyumba ikatikisika. "Nyati, ndugu yangu, majani ni majani! Au tuwaite watoto wakuimbie?"

Nyati akakaa chini, puu!

Bi Sungura akamshusha Kidoto, akamweka karibu na kapu. "Kula, mwanangu. Kula haraka."

Kidoto akanusa. Akakunja pua. "Sitaki. Zinachoma. Nataka ndizi."

"Kidoto, tafadhali. Jani moja tu."

"Si-ta-ki!"

Mvua ilikuwa imekatika, na jua limeshuka mpaka usawa wa dirisha. Moyo wa Bi Sungura ukapiga, du, du, du.

"Aha!" Nyati akasimama. "Kumbe hata hali! Basi yanarudi ghalani!"

Bi Sungura akamtazama Nyati, akamtazama mwanawe, akajifuta uso.

"Una haki, mzee," akasema kwa sauti ya juu, ili Kidoto asikie. "Matamu kama haya hayamfai mtoto mdogo. Acha ninywe chai kidogo, nipate nguvu ya kuyarudisha. Ila nakuomba, mlinde huyu asiyaguse. Ukimpa mgongo tu, atayamaliza!"

"Ayamalize? Mbele yangu?" Nyati akatanua miguu juu ya kapu, pembe mbele, macho mekundu. "We mtoto! Usiguse! Hata jani moja! Haya ni matamu, na ni yangu mimi!"

Kidoto akamtazama. Akalitazama kapu. Pua ikaanza kucheza, fyu, fyu, fyu.

Nyati akageuka kunywa chai kidogo kwenye kikombe kingine.

Kra!

"Nini hicho?" Nyati akageuka.

"Sijui, babu," Kidoto akasema, jani limening'inia mdomoni.

"Umekula!"

"Hili? Lilikuja lenyewe na upepo."

"Mama Kiboko, umemwona?"

"Mimi nakunywa chai, baba. Sijaona kitu."

Nyati akalinda upande wa kulia. Kidoto akajikokota kushoto. Kra, kra! Nyati akageukia kushoto. Kidoto akapita chini ya tumbo lake. Kra, kra, kra! Mkia wa Nyati ukazunguka, kichwa kikazunguka, Nyati mzima akazunguka kama pia.

"Acha! Nimesema acha! Yako wapi yale ya juu? Nani kala yale ya juu?"

"Upepo, babu!"

Bi Sungura alikishika kikombe kwa mikono miwili, hanywi, anasikiliza. Kra, kra, kra. Hakusikia wimbo mtamu kuliko huo tangu azaliwe. Kapu likapungua mpaka nusu.

Ndipo Kidoto akasimama ghafla. Akashika tumbo.

"Mama!"

"Nini, mwanangu?"

Kuruuu... kurukuru... kurukuru! Tumbo likazungumza, wote wakasikia. Na kabla Nyati hajasogea, katikati ya mkeka wake mpya wa wageni, tapu, tapu, tapu, tapu! Viduara vizuri, vikubwa kama choroko, kumi, ishirini, thelathini!

"Mkeka wanguuu!" Nyati akalia.

"Mwananguuu!" Bi Sungura akalia kwa furaha, akarusha masikio, akarukaruka juu ya mkeka uleule. Tembo akapiga makofi kwa mkonga. Mama Kiboko akapiga vigelegele, "Lililililiii!"

Na Kidoto? Kidoto alikuwa amerudi kwenye kapu. Kra, kra, kra.

Basi, watoto wangu, mwenye nguvu asikilize vizuri kabla hajajigamba, na mwenye tumbo ale kinacholifaa.