Upana wa Kidole Kimoja

Mwiba haumwangushi mtu. Ukimchoma, atasema "ah!", atautazama unyayo wake, ataona tone la damu lisilomshibisha hata mbu, kisha ataendelea na safari yake. Ubaya wa mwiba hufanya kazi ndani kwa ndani, siku ambazo mwenye mguu amekwisha kuusahau. Ndipo wahenga wakatuachia onyo kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, yaani anayepuuza dosari ndogo hujikuta amebeba balaa kubwa kuliko nguvu zake. Yaliyotokea Tamalut, kijiji kilichojibanza katika mikunjo ya milima ya Atlas, yalianza kwa dosari ambayo ungeweza kuipima kwa kidole.

Tamalut kilikuwa na lori moja tu, la Haji Bassou. Kila Jumapili lilipanda mlima, likavuka kilele, kisha likateremka kona kumi na tisa hadi kwenye gulio la Midelt, likiwa limebeba kondoo, magunia ya sufu na watu. Dereva wake alikuwa Ichou, mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Alikuwa ameliendesha kwa miaka kumi na saba, na aliijua sauti ya kila bolti kama mama anavyojua kilio cha mwanawe.

Mwishoni mwa Machi, wakati theluji inayeyuka na mito imefura, ekseli ya nyuma, chuma kinachobeba magurudumu, ilipasuka katikati ya kivuko. Haji alinunua ekseli nyingine kwenye uwanja wa magari mabovu, akaipandisha kijijini pamoja na fundi wa kuifunga. Fundi huyo aliitwa Zaid. Mikono yake ilisifiwa Midelt nzima, na hakuna aliyeisifu kuliko Zaid mwenyewe.

Kazi ilikwenda vizuri kwa siku mbili. Ekseli ilikaa juu ya springi zake, bolti zikakazwa, magurudumu yakarudishwa. Taabu ilikuja kwenye breki. Breki za lori lile zilikuwa za upepo. Dereva akikanyaga pedali, upepo husukuma fimbo, fimbo husukuma mkono wa chuma, na mkono huo huzungusha kifaa kinachobana breki ndani ya dramu ya gurudumu. Kila upande una mkono wake, nayo mikono hiyo ni sawa na wapagazi wawili wenye mzigo mmoja begani: mmoja akiwa mfupi, mwenzake ndiye atakayevunjika mgongo.

Mkono wa kulia wa ekseli ile ulikuwa umepinda vibaya. Badala ya kushuka mjini kutafuta unaofanana nao, Zaid alichakura sanduku lake, akatoa mkono wa lori la aina nyingine. Ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole kimoja. Aliutazama, akautazama ule wa kushoto, akaufunga.

Jioni ya Jumamosi Ichou alilijaribu lori kwenye kiwanja cha tambarare. Alipokanyaga breki, lori lilivuta kushoto kama punda aliyeona shayiri.

"Linavuta," alisema akishuka.

"Breki mpya zote huvuta," Zaid akamjibu. "Bado hazijazoeana."

"Breki si bibi na bwana harusi, fundi. Linavuta!"

Zaid alicheka, akachukua spana, akaingia chini ya lori. Alitoka baada ya dakika kumi akijipangusa mikono. Ichou alijaribu tena, na safari hii lori lilisimama wima kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Mnaona?" Haji Bassou alipiga makofi. "Ndiyo maana nikamleta Zaid, si mwingine."

Ichou hakuuliza Zaid alifanya nini kule chini. Alikuwa amechoka, tumbo linamnguruma, na mkewe alikuwa ameoka mkate. Alisema "Alhamdulillahi" akaenda zake. Baadaye alijilaani kwa neno hilo kuliko alivyomlaani mtu mwingine yeyote.

Asubuhi ya Jumapili, wa kwanza kufika na mifugo alikuwa Bi Yettou, mjane mwenye kondoo majike sita na ulimi usiojua likizo. Ichou alikuwa akiliteremsha lori polepole kutoka uani kwa Haji hadi mahali pa kupakilia, mteremko mfupi tu, lakini alihisi pedali inazama zaidi ya kawaida. Kondoo na magunia yalipokwisha kupandishwa, na watu kumi na watatu wameketi juu yake, bado jambo lile lilikuwa linamtekenya. Alichukua birika la maji ya kutawadhia, akamimina kidogo juu ya dramu ya kushoto. Maji yakachemka, yakatoa mvuke. Akamimina juu ya ile ya kulia. Maji yakatiririka tu, baridi, kama juu ya jiwe la mtoni.

Akaliweka birika chini.

"Bi Yettou! Shuka huko juu uingie mbele. Ukanyage pedali ya katikati, nikikwambia uachie."

"Mimi? Mwanangu, mimi sijawahi kuendesha hata toroli!"

"Hujaambiwa uendeshe. Kanyaga!"

"Nakanyaga! Usinipigie kelele, mimi si mkeo!"

Ichou alilala chali chini ya lori. Upande wa kushoto fimbo ilitoka, ikaendelea kutoka, ikakaribia kufika mwisho wa uwezo wake kabla breki haijabana. Sasa akaelewa Zaid alichokifanya jana. Hakuuponya upande mgonjwa. Aliulegeza ule mzima, ili kwenye tambarare pande zote mbili ziwe dhaifu sawasawa na lori lisivute, lakini kwenye mteremko upande wa kushoto bado ndio uliobeba kazi yote. Akaangalia kulia. Alikata unyasi, akaupima mkono wa kushoto, kisha akauweka unyasi uleule juu ya mkono wa kulia. Ulizidi kwa kidole kimoja.

Alitoka chini ya lori na matope mgongoni, akakutana uso kwa uso na Haji na Zaid wanaokuja wakinukia chai ya mnanaa.

"Umefunga nini hapa?" Ichou alimuuliza Zaid. "Mkono wa lori gani huu?"

"Wa lori. Ulitaka wa ngamia?"

"Ni mfupi! Na wa kushoto umeulegeza ili usionekane! Dramu ikishapata moto kule kwenye kona itatanuka, fimbo itaishiwa na pa kwenda, na hapo hakuna breki. Hakuna! Ulikuwa unajua?"

Zaid alitazama pembeni nukta moja tu. Kisha akatazama watu wote waliokuwa wakimwangalia kutoka juu ya lori, na kiburi kikamshinda. "Kidole kimoja," alisema. "Mimi nilikuwa nabadilisha ekseli wewe ukiwa bado unachunga mbuzi. Kwa kidole kimoja unataka kuzuia gulio?"

"Ichou," Haji aliingilia, "wiki tatu lori limelala. Watu hawa wamesubiri wiki tatu. Washa gari."

"Siwashi."

"Umezeeka. Sema tu unaogopa."

"Ndiyo, naogopa! Nani asiyeogopa akiwa na akili? Nipe siku moja, Haji. Nitashuka Midelt kwa miguu, nitarudi na mkono sahihi nimeubeba mgongoni."

"Funguo," Haji alisema, akanyoosha kiganja.

Ichou alizitupa funguo matopeni, mbele ya viatu vya mwajiri wake. Kisha akapanda juu ya gurudumu, akawapigia kelele abiria hadi mishipa ya shingo ikamsimama: "Shukeni! Kila mwenye mama, kila mwenye mtoto, ashuke! Lori hili halina breki!"

Walishuka mmoja mmoja, wengine wakimlaani kwa kuwaharibia siku. Bi Yettou alishika kamba ya mlango wa nyuma. "Basi nipeni na kondoo wangu."

"Utawakuta gulioni," Haji alimjibu, akiuondoa mkono wake kwenye kamba. "Nilikuwa dereva kabla huyu hajaota ndevu. Leo nitawaonyesha." Aliokota funguo, akazifuta kwa kanzu, akapanda.

Zaid angeweza kubaki. Hata hivyo, alipoona macho ya watu yamemwelekea, alizunguka lori akafungua mlango wa pili. "Na mimi nakaa mbele," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Kama kazi yangu ni mbovu, inianze mimi."

Lori likaondoka likitoa moshi, kondoo arobaini wakilia nyuma.

Ichou hakurudi nyumbani. Alishika njia ya mbuzi iliyokata moja kwa moja hadi kileleni, akipanda huku akitukana: alimtukana Haji, akamtukana Zaid, akalitukana hata tumbo lake lililomfanya aende kula mkate jana. Alifika juu akihema wakati lori nalo linavuka kilele na kuanza kuteremka. Kona ya kwanza lilikata vizuri. Ya pili vizuri. Kwenye kona ya tano aliona moshi mweupe ukitoka kwenye gurudumu la nyuma la kushoto, na la kushoto peke yake. Kwenye ya saba akasikia honi. Haikuwa honi ya kuomba njia. Ilikuwa honi ndefu isiyokatika, ya mtu asiye na kitu kingine cha kukanyaga wala kushika.

Kwa haki, Haji alikumbuka udereva wake. Badala ya kuliachia lori liende bondeni, aliligongesha kwenye ukuta wa mlima. Liliparuza mwamba, likarusha cheche, likalala ubavu. Kisha pakawa kimya, hadi kondoo walioweza kulia walipoanza kulia.

Ichou aliteremka mbio, akiserereka kwenye mawe. Haji alikuwa amekaa barabarani, damu usoni, akirudia neno moja: "Lilikataa. Lilikataa." Ichou alimruka kama anavyoruka jiwe. Zaid alikuwa bado ndani, mguu wa kulia umebanwa na bati lililokunjika hadi gotini.

"Usiniguse," Zaid aliguna.

"Nyamaza! Nitakugusa nitakavyo!" Ichou aliingiza mtaimbo wa lori chini ya bati, akaulalia kwa uzito wake wote. "Usithubutu kufa, mwana wewe. Ukifa nitamgombeza nani? Kuna maneno nimekuwekea ya mwaka mzima!"

"Ichou... nilijua."

"Najua kwamba ulijua! Vuta mguu!"

Bati likaachia. Ichou alivua kilemba chake, akaufunga mguu juu ya goti, akambeba Zaid mgongoni hadi kona ya tisa, walipokutana na gari la mtu wa maboga lililowafikisha hospitali. Njia nzima hakuacha kumgombeza, na njia nzima Zaid aliishika shingo yake kama mtoto.

Mguu haukuokoka. Siku ya nne madaktari waliukata chini ya goti. Kondoo ishirini na sita walikufa palepale au walichinjwa barabarani. Wanne kati yao walikuwa wa Bi Yettou.

Baada ya mwezi na siku kadhaa Haji Bassou aliwaita wanakijiji kwa mlo wa kuskusi, ili mioyo irudiane. Hakuna aliyenyoosha mkono sahanini. Haji aliyekuwa na mshono kwenye paji la uso alisimama, akakohoa, akasema: "Ndugu zangu, lililopangwa halina budi kutokea. Ni kudura ya Mungu. Na isitoshe, kama dereva angekuwa kwenye usukani wake siku ile badala ya kukimbia kazi..."

Ichou alikwisha kusimama, ngumi zimekunjwa, lakini Bi Yettou alimtangulia.

"Haji, usimsingizie Mungu," alisema. "Mungu alikuletea dereva akakwambia. Akakuletea maji ya birika, tukayaona sote yakichemka upande mmoja. Nilishika kamba, ukaniondoa mkono. Mungu angefanya nini zaidi? Ashuke akushikie spana?"

Mlangoni palisikika mgongano wa magongo. Zaid alikuwa amepandishwa kutoka Midelt kwa nyumbu. Alisimama pale, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti, uso umemkonda.

"Dereva hakukimbia," alisema. "Mkono ulikuwa mfupi, nikauona nilipoutoa sandukuni. Lori lilipovuta, nikajua kwa nini linavuta. Nililegeza upande mzima ili msinione mjinga. Afisa wa polisi nimemwambia hivyo, na ninyi nawaambia hivyo. Na wewe Haji ulisikia kwa masikio yako, ukanyoosha mkono ukataka funguo."

Haji aliketi taratibu mbele ya sahani iliyopoa.

Zaid alimgeukia Ichou. "Ulisema una maneno ya mwaka mzima. Nimekuja kuyapokea."

Hasira ilikuwa bado imemjaa Ichou, wala haikuwa hasira ya kuisha kwa kuombwa radhi. Alikumbuka kwamba jioni ile naye alihisi kitu, akaenda kula mkate. Alisogeza kigoda kwa mguu wake hadi nyuma ya Zaid.

"Keti kwanza," alisema kwa ukali. "Maneno yangu ni mengi, nawe huwezi kusimama."

Zaid akaketi, akayapokea yote mbele ya watu, bila kujibu hata moja. Na tangu siku hiyo, watu wa Tamalut wakiona bolti iliyolegea au ufa mwembamba kama unywele, hakuna anayethubutu kusema kwamba ni kitu kidogo, kwa maana walijionea wenyewe kuwa mdharau mwiba mguu huota tende.