Bi Ningu na Tuta la Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, samaki walipokuwa bado wakibisha hodi wanapopita kwa jirani, alikuwako Bi Ningu, samaki mdogo aliyejaa mayai tumboni. Alizaliwa bondeni, kwenye majani ambayo mto huyafunika kila masika. Mama yake alizaliwa huko, na bibi yake vilevile. Ukoo wao hautagi mahali pengine.

Lakini mwaka ule njia ya bondeni ilizibwa. Mzee Kiboko alitaka maji yote yabaki uwani kwake apate kuoga kwa nafasi, akajenga tuta la udongo. Bonde likakauka. Bi Ningu alimwomba, akamlilia, Mzee akapiga miayo tu. Kila asubuhi Bi Ningu aliegemea lile tuta, akasikia harufu ya majani ya upande wa pili, moyo ukamuuma kwa hamu ya kwao. Siku za kutaga zilikuwa zinakwisha.

Ndipo akakumbuka tabia ya viboko. Huweka alama mpakani kwa kinyesi, wakikitawanya kwa mkia, na hawapandi nchi kavu ila kwa njia ileile ya jana.

"Hodi, Mzee wangu," akasema. "Nasikia wanasema tuta hili halina mwenyewe. Halina alama yako hata moja."

"Nani kasema?"

"Mie mdogo, Mzee, siwezi kutaja watu."

Mzee Kiboko akapanda tutani, di, di, di, akazungusha mkia, pwata, pwata, akashuka. Mvua ikanyesha, ikaosha. Kesho yake Bi Ningu akamwarifu kwa adabu kwamba alama haionekani. Mzee akapanda tena palepale. Ikawa hivyo siku sita, udongo mbichi ukibonyea na njia yake ikigeuka mfereji. Wala hakuona, maana macho yake yote yalikuwa kwenye alama.

Siku ya saba mguu ukazama, puu! Tuta likakatika, mto ukamwagikia bondeni, na Bi Ningu akapita katikati ya miguu ya Mzee.

"We Bi Ningu! Kumbe ulikuwa unataka nini kwangu?"

"Kwako sikutaka kitu, Mzee. Nilitaka kwetu."

Akaingia majanini, akataga huku akilia kwa furaha.

Basi wanangu, nautua mzigo wangu hapa: mnyonge hana nguvu za kubomoa, lakini akiijua tabia ya mwenye nguvu, atamfanya abomoe mwenyewe.