Mshenga na Bakuli la Makande

Tumbo halimwonei haya mwenyeji. Nimemwambia hivyo Elifasi kwa sababu anakunja uso huku akijilazimisha kumaliza maharage ya shangazi yake, na nyote mmeacha kula mkanitolea macho. Basi sikilizeni. Maneno hayo yana kwao, na kwao ni nyumbani kwa baba yangu, nilipokuwa mwali wa kuposwa.

Babu yenu Sekiete alinitaka, nami nilimtaka. Akamtuma mjomba wake, Mbonea, awe mshenga. Kijijini kwetu huko milimani Upare, mshenga alipewa makande, mahindi yaliyopikwa na maharage, pamoja na maziwa, na sharti amalize. Tena asinyanyuke kwenye kigoda kabla baba wa binti hajamaliza kusema. Akinyanyuka, posa imerudi naye.

Mbonea alikuwa na tumbo lisilotulia. Kila alikokwenda alikula alichopewa, kwa adabu, kisha njiani akateseka. Zahanati walimpima wakasema hana vidonda wala minyoo, ni utumbo mwepesi kuchokozeka, aangalie kinachouchokoza. Hakuangalia. Mshenga gani huchagua chakula?

Siku hiyo alimaliza makande yote, na niliyapika mimi. Baba akaanza kueleza ukoo wetu, na baba akianza ukoo huanzia mbali. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, miguu haitulii. Mbonea naye hakai, mara upande huu, mara upande ule, jasho linamtoka. Baba alipofika kwa babu wa babu yake, Mbonea akanyanyuka, akakimbilia migombani.

"Basi," baba akasema. "Posa imerudi naye."

Nililia, sioni aibu kusema. Mama alimsihi baba mpaka akakubali kumsikiliza mshenga mara moja tu zaidi, kwa kuwa watu wengine walikwisha kutuma salamu za kuniposa. Sekiete hakulala wala hakukaa.

Namkunda, mkewe Mbonea, alichoshwa na mambo hayo. Akamwondolea mumewe maharage, maziwa na vitunguu. Akampa wali, mchicha na samaki, kidogo kidogo, ale bila pupa. Tumbo likanyamaza. Kisha akamrudishia kimoja kimoja. Vitunguu vikapita salama. Maharage yakaleta ngurumo, na maziwa vilevile.

"Wachokozi wako umewajua," akamwambia. "Sasa uwe na mdomo wa kuwakataa."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mbonea alipokuja tena, niliweka bakuli la makande na kibuyu cha maziwa mbele yake. Akavitazama, akameza mate, akavitazama tena.

"Karibu ule, mshenga," baba akasema.

"Nisamehe, mzee. Hiki sitakula."

"Chakula cha nyumba yangu kina nini?"

"Hakina kosa. Kosa liko tumboni kwangu. Siku ile sikuyakimbia maneno yako, niliyakimbia maharage. Nilikula kwa kukuonea haya wewe, mzee, lakini tumbo halimwonei haya mwenyeji."

 Nilimchukia Mbonea wakati huo, nikaona ameniuza kwa ajili ya tumbo lake.

"Na ndizi?" baba akauliza.

"Ndizi nakula."

Nilimenya kwa haraka mpaka nikajikata kidole. Mbonea akala ndizi za kuchemsha, polepole, na baba akaanza ukoo upya. Akafika kwa babu wa babu yake, mimi nimeshika fremu ya mlango, Mbonea amekaa. Akampita, akaingia kwa mashangazi, Mbonea bado amekaa. Baba alipomaliza, yeye ndiye aliyenyanyuka kwanza, akaja jikoni kuniuliza kama nimekubali.

Watu wa kijiji walicheka, kisha wakaanza kuyatumia maneno yale kwenye karamu zao. Elifasi, shangazi yako akikasirika, atapoa kabla tumbo lako halijapoa. Sogeza bakuli, mjukuu wangu. Tumbo halimwonei haya mwenyeji.